Keria: Neno Nililolikata kwa Wino Mwekundu

Kwa miaka 34 niliyofundisha Kiswahili na Historia katika shule za sekondari mkoani Rukwa, nilikuwa adui wa maneno kama keria, madigadi na flaiwili. Mwanafunzi akiandika katika insha kwamba mjomba wake alimpakia kwenye keria, nililikata neno hilo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "kibebeo". Sikupata kumsikia mtu hata mmoja, nje ya darasa langu, akilitumia neno hilo langu. Sasa nimestaafu, na ninaandika kuwaomba radhi wanafunzi hao popote walipo. Kilichonifikisha hapa ni baiskeli.

Babu yangu alizaliwa katika kijiji kimoja cha Ufipa, upande unaotazama Ziwa Tanganyika. Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotoka Rhodesia ya Kaskazini yaliiteka Bismarckburg, boma la Wajerumani lililokuwa Kasanga. Haukupita muda mrefu, babu na kaka yake wakachukuliwa kuwa wapagazi. Babu alirudi; kaka yake hakurudi. Mimi nilimkuta babu akiwa mzee, mtu asiyekubali kuweka kitu chochote kichwani, hata kofia. Alipoulizwa habari za vita hakusimulia mapigano. Alisimulia baiskeli.

Ofisa mmoja katika msafara wao alikuwa na baiskeli ya jeshi. Palipokuwa na njia nzuri aliipanda, akawapita wapagazi huku akipiga kengele. Njia ilipoharibika kwa tope au kwa mwinuko, baiskeli ilifunguliwa magurudumu, ikafungwa kamba, ikawa mzigo wa mtu. Mtu huyo alikuwa kaka yake babu. "Chombo cha kumbeba mtu," babu alizoea kusema, "kikabebwa na mtu." Alicheka kila aliposema hivyo, kisha akanyamaza. Kaka yake alishikwa na kuhara damu, akaachwa kando ya njia. Baiskeli akapewa mwingine.

Nilipostaafu niliazimia kuiunda baiskeli ile, walau mfano wake, niione kwa macho. Nilikusanya picha za zamani na kujifunza. Nilijua kwamba vita vile vilikuwa na baiskeli pande zote mbili: Novemba 1914, usiku wa kabla ya mapigano ya Tanga, Lettow-Vorbeck mwenyewe aliuzunguka mji kwa baiskeli kuuchunguza. Nilijua pia kwamba kampuni ya BSA ya Birmingham, iliyowaundia Waingereza baiskeli za jeshi, ilianza kwa kuunda bunduki, na alama yake ilikuwa bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Bunduki na baiskeli vilitoka katika nyumba moja.

Fremu niliipata hapa Sumbawanga: Raleigh kuukuu, iliyokuwa imeegeshwa nyuma ya ghala la mahindi, fito zake za breki zikiwa bado nzima. Niliipeleka kwa fundi, kijana wa umri wa mjukuu wangu, ambaye kibanda chake hakina mlango wala hakikosi wateja. Tulifanya kazi miezi mitatu, katika ile baridi ya Juni hadi Agosti ambayo hufanya spana ziume vidole. Tulitafuta rimu za inchi 28. Tulipanga spoku 32 mbele na 40 nyuma, kama ilivyokuwa desturi ya baiskeli za Kiingereza. Fundi alizigonga moja moja kwa ukucha na kusikiliza. Iliyolegea ilitoa sauti nzito, naye akaikaza kidogo kidogo hadi gurudumu likaacha kuyumba. Washairi wenzangu mtanielewa nikisema kwamba nilikumbuka mizani. Shairi likipungukiwa silabi moja, sikio hutangulia kujua kabla ya vidole kuhesabu.

Tulibishana kuhusu maneno. Mimi nilisema "kikingatope", yeye akasema madigadi. Mimi nilisema "kibebeo", naye akaacha kazi na kunitazama.

"Mwalimu, hicho ni kitu gani?"

"Hiki hapa cha nyuma, mwanangu, cha kufungia mzigo."

"Kumbe keria! Si ungesema tu, mwalimu."

Sikumjibu. Lakini usiku ule neno hilo lilinikosesha usingizi, maana kwa mara ya kwanza nililisikia kwa sikio la mwalimu wa Historia badala ya lile la msahihishaji wa insha. Waingereza walikiita kikosi chao cha wapagazi Carrier Corps. Baada ya kuuteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, waliwaweka wapagazi mahali ambapo ulimi wa Kiswahili ulipaita Kariakoo. Nairobi nako pakatokea Kariokor. Maelfu kwa maelfu walibeba vita ile vichwani, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Sanamu iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini mwili wa shaba uliosimama pale ni wa askari, na mkononi ana bunduki.

Sasa itazame keria. Ni neno lile lile, lenye maana ya mbebaji. Sidai kwamba waendesha baiskeli walilitoa Kariakoo; kila moja liliingia kwa njia yake. Nasema tu kwamba jina alilopewa babu yangu, na jina la kile chuma cha nyuma ya baiskeli, ni ndugu wa tumbo moja. Nami kwa miaka 34 nilikuwa nikilikata kwa wino mwekundu, nikiamini kwamba ninakilinda Kiswahili.

Ikabaki kazi ya mwisho: vishikio viwili vya kuwekea bunduki kwenye fremu. Bila hivyo, baiskeli ya jeshi haitambulikani. Fundi alivikunja kutoka kwenye bati nene, akaviinua.

"Mwalimu, babu yako alikuwa na bunduki?"

"Hapana."

"Na kaka yake?"

"Naye hakuwa nayo."

"Basi hivi tunamfungia nani?"

Nilifikiri siku mbili. Nilitaka mfano wa kweli, na ukweli ni kwamba vishikio vilikuwapo. Lakini aliyenisukuma kuiunda baiskeli hakuwa mwenye bunduki. Mwishowe nilimwambia avifunge, na viachwe vitupu. Kisha nikanunua gunia la mahindi la kilo 25, uzito wa mzigo ambao mpagazi aliweza kubebeshwa siku nzima. Kabla ya kulipakia, nilimwomba fundi anitwike kichwani. Alikataa kwanza, akisema watu watamlaumu kwa kumtesa mzee. Nilisisitiza. Nilihesabu hatua 40, shingo ikaanza kutetemeka, akalipokea. Kutoka Kasanga mpaka Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 100, tena ni kupanda.

Tulilifunga gunia kwenye keria kwa mpira. Sikuipanda baiskeli. Niliikokota hadi nyumbani, na watoto wa mtaani wakanifuata wakitaka kujua ni baiskeli ya nani. Niliwaambia ni ya babu. Tangu siku hiyo imesimama barazani, na gunia halijashushwa. Mke wangu huchota mahindi humo, nami hujaza tena.

Ubeti huu niliuandika usiku ule. Ni wa mwalimu mstaafu, si wa malenga, nanyi mna ruhusa ya kuusahihisha kwa wino wa rangi yoyote. Neno moja tu naomba msiliguse.

Babu alikwenda njia, kichwani ana mzigo,
Bunduki hakutumia, wala hakupiga pigo,
Jina halikusalia, hata juu ya kigogo,
Leo nampa keria, apumzike kidogo.