Salale: Upepo wa nyuma unapombeba mama na mtoto

Asubuhi katika njia za maji za Salale huanza kimya. Maji yanashuka kuelekea baharini, mizizi ya mikoko inaanza kuonekana juu ya tope, na mtumbwi unateleza karibu bila kupigwa kafi. Mwendeshaji husimama tezini. Abiria huketi chini, mizigo ikiwa katikati na watoto wakiwa wamepakatwa.

Mchana hali hubadilika. Upepo wa baharini unaingia kwenye midomo ya mto na kupanda nayo hadi ndani. Kwa anayerudi nyumbani kutoka upande wa bahari, upepo huo unakuwa mgongoni. Mtumbwi uliokuwa ukienda taratibu unaanza kukimbia. Mwendeshaji hupiga kafi mara moja tu kwa muda, kisha huitumia kama usukani na kuuacha upepo ufanye kazi.

Ni safari tamu. Pia ndiyo safari ambayo mzazi mwenye mtoto mdogo anapaswa kuiogopa zaidi.

Mahali barabara inapokuwa maji

Salale ni moja ya kata za delta ya Mto Rufiji, wilayani Kibiti, Mkoa wa Pwani. Anayetoka Dar es Salaam kwa barabara kuu ya kwenda Lindi hufika Bungu, hukata kushoto, na kuishia Nyamisati, bandari inayotumiwa na wasafiri wa Mafia. Kutoka hapo, kwa wakazi wengi wa delta, barabara ni maji.

Mto unagawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Mmoja ni Simba Uranga. Mingine ni membamba kiasi kwamba matawi ya mikoko ya pande mbili hukaribia kugusana. Msitu huu wa mikoko una ukubwa wa takriban hekta 53,000, na ndio mkubwa kuliko yote iliyoungana katika Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limetambuliwa kimataifa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa pekee.

Ugumu wa njia hizi uliwahi kuingia katika historia ya dunia. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha maeneo ya Salale. Meli kubwa za Waingereza zilizoifuata zilishindwa kuingia kwa sababu ya kina kifupi. Ilibidi ziletwe manowari mbili maalumu zinazoelea kwenye maji machache, Severn na Mersey, ndipo Königsberg ikaangamizwa Julai 11, 1915.

Miaka zaidi ya mia moja imepita, na kanuni ya delta haijabadilika. Ukubwa wa chombo na nguvu za mwenye chombo havitoshi. Kinachoamua ni kujua maji yanakwenda wapi na saa ngapi.

Saa kumi jioni

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku muda husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana, hupwa sana, na mkondo huwa mkali. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, na mkondo hupungua.

Katika ukanda huu wa pwani, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu na saa nne. Ndani ya delta huchelewa kidogo.

Mfikirie sasa mama anayeishi kijiji cha ndani, mwenye mtoto wa miezi tisa anayetakiwa kupata chanjo ya surua na rubella. Ni siku ya bamvua. Akiondoka saa moja asubuhi, maji yanashuka na kumbeba. Upepo ni mdogo. Akihudumiwa mapema na kuanza kurudi saa saba au saa nane mchana, maji yanapanda na upepo unapanda pamoja nayo. Mawimbi huwa marefu na mapole, na mtumbwi hufika bila tabu.

Lakini foleni ikiwa ndefu, au chanjo ikichelewa kufunguliwa kwa sababu watoto hawajatosha, mama huyo ataingia mtumbwini saa kumi na moja. Maji yamegeuka. Yanakimbilia baharini wakati upepo bado unavuma kutoka baharini. Maji na upepo vikikutana uso kwa uso, mawimbi hujikunja, husimama wima na kukaribiana. Njia ile ile aliyopita asubuhi akisinzia sasa inaurusha mtumbwi.

Kwa hiyo saa ya hatari huanza kupangwa kwenye benchi la kliniki, kabla mtumbwi haujafunguliwa kamba.

Wanaoutafuta upepo huo kwa raha

Kuna watu ulimwenguni wanaosafiri mbali kuyatafuta mawimbi ya namna hiyo. Katika Mto Columbia, mpakani mwa majimbo ya Oregon na Washington nchini Marekani, upepo wa kiangazi huvuma kutoka magharibi wakati mto unatiririka kwenda magharibi. Upepo na maji vinapopingana, mawimbi huinuka katikati ya mto. Wanamichezo husimama juu ya ubao mrefu, kafi moja mkononi, na kuteremka na upepo kutoka eneo la Viento hadi mji wa Hood River.

Mtu wa Salale akiwaona hatashangaa sana. Kusimama, kafi moja, magoti yaliyokunjwa kidogo, macho mbele: hayo anayafahamu tangu utotoni.

Tofauti iko kwenye kinga. Mwanamichezo wa Columbia hujifunga na ubao wake kwa kamba ili akianguka usimkimbie. Huvaa jaketi okozi. Mwaka 2008 Walinzi wa Pwani wa Marekani waliamua kuwa ubao huo, ukitumika nje ya maeneo ya kuogelea na kuteleza kwenye mawimbi, ni chombo cha majini kama boti, hivyo lazima uwe na jaketi. Tena yeye ni mtu mzima, anajua kuogelea, na kaenda kucheza. Mama wa delta hakwenda kucheza, na mgongoni ana mtoto.

Kwa nini upepo wa nyuma hudanganya

Anayekwenda dhidi ya upepo huuhisi usoni, hulowa, huchoka, na mara nyingi hughairi mapema. Anayekwenda na upepo hahisi ukali wake, kwa sababu chombo kinakimbia pamoja nao. Mawimbi nayo hutoka nyuma, mahali ambapo abiria hawatazami.

Hatari yenyewe huja kwa namna mbili. Ya kwanza, wimbi huinua tezi na kuisukuma omo chini, maji yakaingia kwa mbele. Ya pili, mtumbwi hukimbia kuliko mwendeshaji anavyoweza kuuongoza, ukageuka na kulala ubavu mbele ya wimbi. Katika delta kuna jambo la tatu: njia zinapinda. Upepo uliokuwa mgongoni kabla ya kona unakuwa ubavuni baada yake, na mwendo bado ni ule ule.

Waendeshaji wazoefu hukabili hali hiyo kwa kupunguza mwendo kabla ya kona, kusogeza mizigo nyuma kidogo, na kukaa chini upepo unapozidi. Abiria naye ana wajibu wake: asisimame, asihame upande, na maji yakiingia aanze kuyakumba bila kungoja kuambiwa.

Wahenga wa pwani walisema mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Kwale ni kisiwa kilicho kaskazini mwa delta hii, watu wake ni mabaharia. Methali hiyo haiwadharau. Inakumbusha kwamba anayeyazoea maji ndiye anayekuwa juu yake kila siku, na kila siku ana nafasi moja ya kukosea.

Mtoto akae wapi?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021 duniani kote. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Nchi kavu, mgongo wa mama ni mahali salama pa mtoto. Mtumbwini sivyo. Mtumbwi ukipinduka, mama anayejaribu kuelea chali humzamisha mtoto aliye mgongoni. Akiwa amevaa jaketi juu ya mbeleko, mtoto hunaswa chini yake. Fundo la khanga lililolowa nalo halifunguki haraka.

Ni salama zaidi mtoto apakatwe mbele, mama akiwa ameketi chini kabisa katikati ya mtumbwi, na khanga izungushwe bila fundo. Mtoto mkubwa kidogo avae jaketi la ukubwa wake. Namna ya kulipima ni rahisi: likifungwa, livute juu mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini litamvuka. Kwa mtoto mchanga, ambaye jaketi la kumtosha ni shida kupatikana, kinga iliyo bora ni kutovuka upepo ukiwa mkali.

Dumu tupu lililofungwa kizibo vizuri huelea na linaweza kumshikilia mtu. Huko Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje uliofundisha wasichana na wanawake kuogelea uliyatumia madumu kama hayo kuwazoeza kuelea. Lisiwe mbadala wa jaketi, lakini halina sababu ya kubaki nyumbani.

Mtumbwi ukipinduka, ung'ang'anieni. Mti huelea hata ukijaa maji, na walio juu yake huonekana kwa mbali kuliko kichwa kimoja kinachoogelea kutafuta ufukwe. Katika mto wenye mamba na viboko, hilo lina uzito zaidi.

Akitolewa majini hapumui

Katika familia nyingi, mtoto akitolewa majini hunyanyuliwa miguu juu kichwa chini, au hubonyezwa tumbo ili maji yatoke. Visifanyike. Hupoteza dakika ambazo ubongo unakosa hewa, na humfanya atapike na kupaliwa.

Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu ili njia ya hewa ifunguke. Mpe pumzi kwanza, mdomo kwa mdomo, mpaka uone kifua kinainuka. Kama haitikii, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, kisha pumzi mbili, na endelea hivyo bila kukata tamaa wakati mwingine anaita msaada. Akizinduka, bado apelekwe kituo cha afya, kwani matatizo ya kupumua yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Uamuzi hufanyika ufukweni

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari ya upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili kwa mikoa ya pwani, Pwani ikiwemo. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, tahadhari hizo husikika mara nyingi. Redio na simu huzifikisha hadi ndani ya delta. Siku ya tahadhari, chanjo inaweza kungoja hadi kesho. Kuchelewa siku mbili au tatu hakuharibu kinga ya mtoto, ilimradi mama arudi kweli.

Vituo vya afya navyo vina nafasi yao. Muuguzi anaweza kuuliza asubuhi nani amekuja kwa mtumbwi, na kuwahudumia hao kwanza. Siku za kliniki zinaweza kupangwa kwa kutazama bamvua na maji mafu, kama wavuvi wanavyopanga zao. Na kila huduma ya mkoba inayofika kijijini kwa boti moja yenye majaketi huwapunguzia akina mama wengi safari ya mitumbwi isiyo nayo.

Kwa mzazi yanabaki maswali matatu kabla ya kuingia chomboni: maji yanageuka saa ngapi? Mtoto atakaa wapi? Na kuna nini cha kuelea tukipinduka?

Mama akiuliza, "Babu, tutawahi kabla maji hayajageuka?" hajamvunjia heshima mwenye mtumbwi. Na babu akijibu, "Leo tumechelewa, mwanangu, lala kwa ndugu zako Nyamisati, tutaondoka alfajiri," hajashindwa kazi. Usiku huo mtumbwi utabaki umefungwa, upepo utavuma juu ya mikoko mpaka utulie, na mtoto atalala na alama ya sindano mkononi.