Chuma cha chapati chini ya sufuria

Mwali wa gesi, hata ukipunguzwa hadi mwisho, hupiga mahali pamoja chini ya sufuria zetu nyembamba. Tulilitambua hilo baada ya daktari kumwagiza mama yetu auepuke moshi, nasi tukaliweka kando seredani. Kifua chake kilipata nafuu, lakini tui likawa linakatika, na wali ukaungua chini huku juu una kiini. Mama akaanza kuliulizia gunia la makaa, na hapo tukaingiwa na hofu.

Dawa tuliipata kwa wapishi wa biriani, ambao wanapoifunika sufuria kwa mara ya mwisho huiweka juu ya chuma cha chapati. Chuma kizito hupokea moto, kikausambaza, kisha kikautoa taratibu chini ya sufuria nzima. Madukani vipo vibamba vya kazi hiyo, ila mwenye chuma hana haja ya kununua. (Kikaango chenye utando usioshika chakula kisitumiwe, hakistahimili moto kikiwa kitupu.) Mama ameuridhia wali, ingawa ukoko, asema, bado ni wa makaa.

Sisi huchemsha kwanza juu ya moto wenyewe, ndipo tukaingiza chuma, kwani kukianza nacho kunachelewesha mno. Wali uliokauka maji tunauacha hapo kama dakika 20. Gesi ikizimwa, chuma huendelea kupika, hivyo mchuzi wa nazi huepuliwa mara moja, na watoto huzuiwa jikoni mpaka kipoe.