Maji Kwanza, Samaki Kisha

Wengi wenu mukitaka kuweka samaki katika sanduku la vioo, yaani akwariomu, munauliza kwanza: "Tununue samaki gani?" Swali ni zuri, lakini si la kwanza. Samaki anaishi ndani ya maji yale yale anayoyachafua. Mutu anayechunga samaki, kazi yake ya kweli ni kuchunga maji.

Chagua sanduku la litre 60 ao zaidi, sababu maji mengi hayaharibiki mbio. Maji ya robine yakiwa na klori, yaache katika ndoo wazi siku nzima, harufu itoke. Tia muchanga uliosafishwa na majani ya maji. Kisha uvumilie. Mavi ya samaki na chakula kinachooza vinatoa amonia, sumu kali. Vidudu visivyoonekana kwa macho vinageuza sumu ile, lakini vinahitaji juma 4 mpaka 6 ili viwe vingi. Kwa hiyo anza na samaki 2 ao 3 tu. Kila juma ondoa robo ya maji, utie mapya yenye joto sawasawa. Usiyamwange yote, na usioshe filitri na sabuni, utaua vile vidudu. Chakula, toa kile wanachomaliza kwa dakika 2.

Sasa samaki gani? Kwetu nyumbani tuko na gupi. Ni mudogo, anazaa mbio, anavumilia. Lakini anapenda joto, karibu digri 24. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Katanga una baridi, tunafunika sanduku na blanketi. Mpende wa mito yetu ni muguvu, lakini anakua mukubwa na anakula majani: yeye ni wa bwawa. Samaki mwekundu anavumilia baridi, lakini anachafua sana. Musimufungie katika bakuli.

Neno moja ni la sisi watu wa shaba. Watoto wanapenda kupamba akwariomu na malakiti, lile jiwe la kijani. Musikubali! Ndani yake muko shaba, na shaba kidogo ikiyeyuka inaua samaki. Vilevile musichote maji wala muchanga karibu na mabaki ya viwanda. Tarehe 18 mwezi wa pili 2025, kule Zambia, ukuta wa bwawa la mabaki ya shaba ulipasuka. Maji makali yakafika mpaka muto Kafue. Samaki wakafa, na muji wa Kitwe ukakatiwa maji. Hata samaki muguvu, nguvu yake iko na mupaka.

Mwanzo 2:15 inatukumbusha kwamba mutu aliwekwa katika bustani ili aitunze. Mutoto anayejifunza kuuliza "Maji haya yametoka wapi?" juu ya gupi 3, kesho atauliza vile juu ya kikombe cha mudogo wake. Basi, juma hii jaza ndoo, uiache wazi. Samaki watangoja.