Majani Mabichi ya Kiangazi

Mwindaji ana njia mbili za kukutana na mnyama: kumfuata aliko, au kumfanya aje mwenyewe. Njia ya kwanza husifiwa katika hadithi, kwa kuwa ina mbio, jasho na hatari. Ya pili haina sifa kubwa, lakini aghalabu ndiyo iletayo nyama nyumbani. Huko Marekani wako wenye mashamba wapandao klova kando ya misitu, si kwa ng'ombe wala mbuzi, bali kwa ayala. Na msimu wa kuwinda ufikapo, mwenye shamba hupanda ulingoni na bunduki yake, akangoja.

Ayala ni mgeni hata katika lugha yetu. Afrika kusini ya Sahara haina ayala wa asili, na wengi wetu tulilipata jina lake katika Biblia, ambamo wafasiri walihitaji neno kwa mnyama wa Zaburi wakaliazima kutoka Mashariki. Sisi tuna pongo, tohe, nsya na pofu. Klova, kwa upande wake, si mgeni kama tudhanivyo: zipo aina zake zimeazo zenyewe katika nyasi za milima yetu mirefu.

Katika Nyanda za Juu za Kusini sijamwona mtu apandaye klova kwa ajili ya pongo. Walakini maarifa yenyewe ni ya kale. Mvua zikikoma mwezi wa Aprili au Mei, nyasi za Iringa hukauka hata zikawa kama makuti. Mnyama huzila akajaza tumbo, na mwili usipate kitu. Mahali palipopitiwa na moto huchipua upya kabla ya mvua, kwa unyevu uliobaki chini, na chipukizi lina protini nyingi kuliko bua kuukuu. Wawindaji wa zamani walilijua hilo pasipo maabara. Walichoma kipande cha mbuga, wakaenda zao, wakarudi majuma machache baadaye na mikuki. Sheria ya leo hairuhusu moto kuwa chombo cha kuwindia, na mimi naiunga mkono. Moto hauna mpaka.

Lakini shamba la klova la kwetu, kama liko, ni kinyungu. Kinyungu ni bustani ya bondeni, matuta yaliyoinuliwa juu ya tope, hulimwa kiangazi kwa maji ya ardhi. Baba yangu mdogo, marehemu, alikuwa nacho upande wa Kilolo: maharage, njegere, na mahindi ya kuchoma. Pongo walikuja jioni kutoka kichakani, wakayapita mahindi, wakaenda moja kwa moja kwenye njegere. Hawakukosea. Njegere, maharage na klova ni ukoo mmoja wa mikunde, wenye vinundu mizizini vihifadhivyo vijidudu vinasavyo naitrojeni ya hewani. Majani yake yana lishe ambayo nyasi za Agosti hazina. Mzee aliacha tuta la mwisho, lililopakana na kichaka, bila kulivuna. Aliliita tuta la wageni.

Mama mdogo hakulipenda jina hilo. "Mzee, mgeni hukaribishwa, hachinjwi," alisema. Naye mzee akajibu, "Huyu hakupiga hodi." Nyama tuliila sote, na mama mdogo pia.

Nimelifikiri shauri lile kwa miaka mingi, na naona kila mmoja wao alikuwa na sehemu ya haki. Chambo ni chambo pale mnyama anapoweza kula kwingine. Zamani bonde lilikuwa na vichaka pande zote mbili, na pongo aliyefuata njegere alikuwa amechagua. Isitoshe, mzee aliketi akatazama: jike lenye mtoto aliliacha lipite. Siku hizi mashamba yamefika ukingoni, mlimani pamesimama misindano na mikaratusi, na kinyungu kimekuwa mahali pekee penye jani bichi. Mnyama aendaye huko amesukumwa na njaa, hakuvutwa. Na badala ya mtu aketiye hungoja waya, ambao hautofautishi dume na jike, wala hauulizi leseni itakiwayo na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Kinyungu chenyewe kiko mashakani. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka sehemu zake wakati wa kiangazi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Msomi huyaafiki haya kwa urahisi akiwa Mbeya mjini, penye soko kila kona. Mwenye maharage ya Julai huyasikia vingine.

Ndugu yangu, mwana wa marehemu, ndiye alimaye pale sasa. Ameanza kuhamishia njegere juu ya bonde, na lile tuta la mwisho ameliachia kichaka, ambacho kimelichukua upesi kuliko tulivyotazamia. Majani ya ng'ombe wake wawili atayapanda karibu na zizi. Juzi ameniandikia kuwa nyayo zimeonekana matopeni, za mkubwa na mdogo, na wanawe wanauliza kama waweza kutega. Nimemjibu kwa neno moja, nalo halikuwapendeza.