Kaka Alisema Gari Haina Shida, Dada Akasema Ukweli

Kuna dada mmoja Makambako ambaye kaka yake hakumsemesha miezi minne mizima. Hawakugombania shamba wala urithi. Waligombana kwa sababu ya gari, na hata hiyo gari yenyewe haikuwa ya dada.

Iko hivi. Miaka kadhaa nyuma ndugu hawa waliagiza kwa pamoja SUV ndogo kutoka Japan, zile za cc 1990 ambazo mjini kila mtu anazitamani: ziko juu kiasi, zinabeba familia, na barabara ya vumbi haizitishi. Modeli moja, mwaka mmoja, rangi tu ndo tofauti. Walizichukua Dar, wakaongozana Morogoro, Mikumi, wakapanda Kitonga huku malori yakijikokota mbele yao, mpaka Makambako. Pale njia panda wakaagana. Dada, ambaye ni muuguzi, alikuwa amefika kwake. Kaka, mtu wa biashara ya mbao, akakunja kushoto kumalizia kama kilomita 60 za kwenda Njombe.

Mwaka wa kwanza zote zilikuwa moto. Mwaka wa pili ya kaka ikawa inakaa gereji kuliko barabarani. Akaanza kuwaambia washkaji kwamba aina hiyo ni kimeo, mtu asijaribu. Wakati huohuo ya dada inadunda tu, zamu ya usiku inampeleka, asubuhi inamrudisha.

Watu wakasema ni bahati. Wengine wakasema wanawake wanaendesha taratibu. Ukweli ulikuwa mwingine kabisa.

Rejeta ya kaka ilianza kuvuja kidogo. Badala ya kuziba na kuweka kulanti, akawa anajaza maji ya bomba. Maji matupu hayana dawa ya kuzuia kutu, kwa hiyo taratibu kutu ikaanza kula ndani na njia za rejeta zikaziba. Gari ikachemsha. Fundi akaja na suluhisho linalojulikana gereji nyingi: akang'oa themostati. "Boss, hii ni ya nchi za baridi, huku haina kazi."

Sasa jamani, Njombe na yenyewe ni nchi ya joto? Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai mtu anatoka na koti zito na kofia ya sufi. Themostati kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ukiing'oa, injini inachelewa kupata moto na inakunywa mafuta zaidi, na ile rejeta iliyoziba iko palepale inakusubiri mlimani.

Kuna na kifuniko cha rejeta, kile ambacho watu wanafunga na kipande cha mpira wa baiskeli. Anayepika maharage Njombe anajua yanavyochelewa kuiva, maana kwenye mwinuko ule maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kifuniko kizima kinabana presha ili maji yasichemke haraka. Kikilegea, kwa watu wa milimani hasara ni kubwa kuliko kwa mtu wa Dar.

Halafu giaboksi. Gari hizi zilikuwa na CVT, inayotumia mkanda wa chuma na puli badala ya gia za kawaida. Inataka oili yake yenyewe. Kaka akawekewa oili ya automatiki ya kawaida kwa sababu ilikuwa rahisi na ipo dukani. Baada ya muda gari ikaanza kutetemeka ikiondoka, kisha ikawa inalia mlimani bila kuvuta.

Dada hakuwa mtaalamu. Alikuwa na daftari tu, la shule, ndani ya dashibodi: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei. Na asikudanganye mtu kwamba yake ilikuwa ya bure. Alibadilisha wota pampu, bushi, shokapu za mbele. Kuna mwezi alishindwa kuchanga kitchen party ya rafiki yake kwa sababu ya oili ya giaboksi, na wamama wakamsema kweli kweli.

Basi kaka akaamua kuuza. Akaosha, akapiga polishi, akafuta taa ya cheki injini kwa mashine. Bei milioni 10, "gari haina shida, unawasha unaondoka". Mteja akapatikana, na kumbe ni muuguzi mgeni anayefanya kazi na dada, binti mwenye mtoto mdogo na mkopo wa SACCOS ulioingia wiki hiyohiyo.

Binti akauliza swali ambalo yeyote angeuliza. "Dada, wewe unayo kama ile, na ile ni ya kaka yako. Niichukue?"

Dada akaomba ampe siku moja. Usiku akampigia kaka. "Kaka, mwambie kuhusu giaboksi, mpunguzie bei. Mkopo wake atakatwa kwenye mshahara miaka mitatu."

"Mdogo wangu, gari used ni used. Kila mtu aje na fundi wake. Usiniingilie."

Kesho yake, wakati wa chai, dada akasema kwa sauti ndogo: "Modeli nzuri. Ile gari, hapana."

Dili likafa hapohapo. Kaka alipojua akatuma meseji moja: "Umemchagua mtu baki." Kisha kimya. Mama yao kijijini akawa anapika kwa ajili ya wote, anayekuja ni mmoja. Dada alilia, ila hakufuta kauli. Alikuwa anamwona yule binti kila siku wodini, na alijua kwamba angenyamaza, angeshindwa kumtazama usoni siku gari ikizimika usiku na mtoto ndani.

Mwezi wa tano mlango ukagongwa. "Kamwene!" Kaka huyo, na gunia la viazi begani. Gari alishaiuza kwa milioni 6, kwa fundi mmoja, baada ya kumtajia kila tatizo. Hakuomba msamaha, na dada hakuudai. Walikula, wakaongelea bei ya mbao, wakampigia mama simu wakaongea naye wote wawili.

Alipokuwa anaondoka kaka akasimama kwenye gari ya dada, akafungua dashibodi, akatoa lile daftari na kuanza kulipiga picha ukurasa baada ya ukurasa.

"Za nini?" dada akauliza.

"Nimeagiza nyingine," akajibu bila kumwangalia. "Modeli ileile."

Wewe ungekuwa dada, ungesema au ungenyamaza?