Tenisi ya udongo: mwamuzi ashuke kitini

Naomba niseme wazi tangu mwanzo. Katika mwaka mzima wa tenisi ya wanaume, msimu ninaoupenda ni ule wa viwanja vya udongo: Monte Carlo, Madrid, Roma, halafu Roland Garros pale Paris. Rafiki zangu wengi wa mjini wanasema tenisi ya udongo inachosha, mpira unakwenda na kurudi kama ubishi wa kijiweni. Mimi naona ndiyo tenisi yenyewe. Udongo unaupunguzia mpira kasi na kuurusha juu, kwa hiyo mwenye misuli peke yake hafiki mbali. Lazima awe na pumzi, akili na subira. Aliyetazama fainali ya Paris ya mwaka 2025, Carlos Alcaraz akiokoa pointi tatu za ubingwa na kumshinda Jannik Sinner baada ya saa 5 na dakika 29, hahitaji mahubiri yangu.

Lakini leo sizungumzii mabingwa. Nazungumzia vumbi.

Kwa wale wasiofuatilia, udongo wa viwanja vya Ulaya ni matofali yaliyosagwa yakawa unga mwekundu, yakatandazwa tabaka jembamba. Mpira ukitua, unaacha alama. Kwa miaka mingi, mchezaji akitilia shaka uamuzi, mwamuzi alishuka kwenye kiti chake kirefu, akatembea hadi kwenye alama, akainama, akanyoosha kidole. Wachezaji wote wawili wanaona. Mmoja atanuna, sawa, lakini ameona.

Mwaka 2023 ATP, chombo kinachoendesha tenisi ya wanaume, kilitangaza kwamba kuanzia 2025 mashindano yake yote, hata ya udongo, yataamuliwa na kamera na kompyuta. Waamuzi wa mistari basi, na kushuka kutazama alama basi. Kule Madrid, Aprili 2025, Alexander Zverev aliona alama ambayo kwa macho yake ilikuwa nje. Mashine ikasema ndani. Mwamuzi hakushuka, maana utaratibu mpya haumruhusu. Zverev akachukua simu, akaipiga picha ile alama, akapewa onyo la utovu wa nidhamu. Yaani kosa lake ni kuuonyesha ushahidi uliokuwa mbele ya miguu yake!

Kisa hiki nilimsimulia mzee mmoja mfugaji huko Endulen, Ngorongoro, nilikokwenda kwa kazi ya gazeti. Mtauliza, tenisi na Endulen wapi na wapi? Sikiliza. Mzee yule alikuwa akinionyesha nyayo za punda njiani. Alinieleza kwamba ukingo wa unyayo ukiwa bado mkali, mnyama amepita muda si mrefu. Ukingo ukishaanza kumomonyoka, upepo umeshapita juu yake. Ng'ombe akipotea, vijana hufuata alama, na wakibishana hurudi pale pale ardhini kutazama tena. Nilipomaliza habari ya Zverev aliniuliza swali moja tu: huyo anayeamua amekaa wapi, na kwa nini haji kutazama?

Sikuwa na jibu. Na nadhani swali hilo, kwa watu wa Endulen, ni zito kuliko tenisi.

Na si mbali na Endulen ndipo ilipo Laetoli. Miaka kama milioni 3.6 iliyopita, majivu ya volkano yalilowa mvua, viumbe wakapita kwa miguu miwili, majivu yakakauka na kuganda. Timu ya Mary Leakey iliupata msururu maarufu wa nyayo hizo mwaka 1978. Ila ninachokipenda zaidi ni nyayo nyingine, zilizoonekana miaka miwili kabla, ambazo baadhi ya wataalamu walidhani ni za dubu. Mwaka 2019 zikafukuliwa upya, na mwaka 2021 watafiti, akiwemo Mtanzania Charles Musiba, wakaandika kwamba hapana, aliyepita pale ni jamaa wa binadamu. Ubishi wa miaka zaidi ya 40 ulifunguliwa upya kwa sababu alama ilikuwepo. Kama kungekuwa na neno la mtaalamu tu, nani angemkatalia?

Tuwe wakweli, mashine ina hoja. Kamera hazichoki wala hazipendelei. Na alama ya udongo inaweza kudanganya: vumbi likiwa kidogo alama haitimii, likiwa jingi inatanuka. Lakini mashine nayo ni ya watu. Wimbledon 2025, mwaka wa kwanza bila waamuzi wa mistari, mitambo ya upande mmoja wa uwanja ilizimwa kimakosa wakati Anastasia Pavlyuchenkova akicheza. Mpira ukatoka nje, mashine kimya, pointi ikarudiwa. Na majani, tofauti na udongo, hayakuwa na alama ya kumtetea.

Huku kwetu jambo hili linatuhusu zaidi. Mwaka 2018 Nairobi Club iliandaa Kombe la Davis, kundi la tatu la Afrika, na walicheza udongoni. Viwanja vyetu vingi havitafungwa kamera hizo leo wala kesho. Mchezaji wetu anamhitaji mwamuzi anayejua kusoma alama, na ufundi huo ukiachwa na wakubwa, nani atawafundisha wadogo?

Pendekezo langu ni dogo. Mashine iamue, lakini mchezaji apewe nafasi chache za kumwita mwamuzi ashuke atazame, na alama ikiwa dhahiri, iheshimiwe. Roland Garros mwaka 2025 walibaki na waamuzi wao wa mistari, na ninawapongeza. Mwaka huo huo, Mei 25, walimuaga Rafael Nadal, bingwa wao mara 14, kwa kuweka unyayo wake kwenye uwanja mkuu. Hata wao wanajua kwamba heshima ya udongo ni kutunza alama.

Haki haitoshi kutendeka, sharti ionekane ikitendeka. Nawasilisha.