Shengena Juu ya Meza

Ukiishi Gorton, mashariki mwa Manchester, hukosi mzee wa kukuambia kwamba hapa zamani vilitengenezwa vichwa vya treni. Kiwanda cha Beyer, Peacock kilianzishwa mwaka 1854, kikafungwa mwaka 1966, na katikati ya miaka hiyo kazi zake zilifika mabara karibu yote. Siku hizi mpita njia haoni kichwa kipya cha treni wala moshi. Kwa hiyo nilipoona tangazo kwenye dirisha la duka la magazeti, kwamba Jumamosi kutakuwa na maonyesho ya treni ndogo za mfano katika ukumbi wa shule moja, nikapanda basi na mvua yangu.

Watoto walikuwapo, lakini wenye shughuli walikuwa wazee wastaafu, wamevaa vizibao vyenye mifuko ya kutosha kubeba karakana nzima. Mlangoni mama mmoja alipokea hela taslimu, akanigonga muhuri mkononi. Jikoni waliuza chai na keki za kuokwa nyumbani kwa bei ambayo mjini huipati tena. Harufu ya ukumbi ilikuwa ya mafuta ya mashine, makoti yaliyolowa na nyama ya kukaanga.

Juu ya meza ndefu kulikuwa na vijiji, mito ya gundi iliyoganda, kondoo wakubwa kama punje za mchele, na stesheni zenye saa ukutani. Nyuma ya kila mandhari kuna pazia, na nyuma ya pazia ubao mtupu wenye reli nyingi sambamba. Treni ikizama kwenye handaki, ndiko inakofikia. Inabadilishwa mabehewa, kisha inarudi kana kwamba imetoka London. Nilipenda zaidi kusimama upande huo, nikiwatazama wazee wanavyohangaika na ratiba, huku mbele watazamaji wakiona utulivu mtupu.

Wanabishana sana. Kipimo kinachotumika zaidi Uingereza ni kile cha 1 kwa 76, lakini upana wa reli yake ni milimita 16.5, mdogo kuliko inavyostahili. Sababu ni ya zamani: mota za enzi hizo hazikuenea ndani ya vichwa vidogo vya treni za Kiingereza, basi mabodi yakakuzwa na reli zikaachwa zilivyo. Wapo wasiolala kwa ajili ya hitilafu hiyo, wakajitandikia reli za milimita 18.83, taruma kwa taruma. Mimi, nikiwa na macho yangu ya kawaida, sikuona tofauti, na niliyemwambia hivyo alinisikitikia.

Nilichoona ni kwamba karibu kila meza ilikuwa imesimama katika miaka ya hamsini. Mwaka 1963 Richard Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli ya taifa, alitoa ripoti iliyopendekeza kufungwa stesheni zaidi ya 2,000 pamoja na maelfu ya maili za njia. Nyingi zilifungwa kweli. Wazee hawa walikuwa watoto wakati huo, na stesheni walizoshukia na mama zao leo ni maegesho ya magari au vichochoro vya kuendeshea baiskeli. Basi wamezijenga upya, wakazipa na mvua isiyolowesha.

Kwenye kona, karibu na mlango wa dharura, niliona udongo mwekundu.

Ilikuwa stesheni ndogo ya kubuni, mahali fulani kati ya Voi na Mtito Andei, na mbele yake kichwa cha treni cha urefu wa kiganja na nusu, rangi ya damu ya mzee. Ubavuni kilibeba namba 5930 na jina: Mount Shengena. Nilisoma mara mbili. Mimi ni mtu wa Same, na Shengena ndicho kilele cha juu kuliko vyote Upare.

Mwenye meza alifurahi kupata msikilizaji. Kati ya 1955 na 1956, akasema, Gorton ilitengeneza vichwa 34 vya daraja la 59 kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki, kila kimoja kikapewa jina la mlima: Meru, Elgon, Kilimanjaro. Ndivyo vilivyokuwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote kwenye reli za mita moja duniani, karibu tani 250 kila kimoja. Siri yake ni mtindo wa Garratt. Kwenye reli nyepesi huwezi kurundika uzito mahali pamoja, madaraja yatalalamika. Kwa hiyo boila inatundikwa katikati, na seti mbili za magurudumu, kila moja na silinda zake, zinakaa mbele na nyuma, zikinywa mvuke mmoja. Uzito unagawanyika, na chombo cha zaidi ya mita 30 kinajikunja kwenye kona za kupandia kutoka pwani hadi Nairobi. Viwili, 5918 na 5930, bado vimo katika jumba la makumbusho la reli huko Nairobi.

Ribiti zote zilikuwepo. Lakini watu! Jukwaani walisimama abiria sita, vinyago vya dukani vilivyopakwa rangi ya kahawia, wamevaa makoti ya baridi, kila mmoja na begi moja la mkononi. Hakuna aliyekuwa akiuza chochote.

Nikampigia shangazi yangu simu ya video. Ujana wake wote aliuza machungwa na mayai stesheni ya Same.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Mbona umeingia kwenye vitu vya watoto?”

Nilimsogezea kamera hadi kwenye jina.

“Shengena hii hii ya kwetu? Ilipita wapi?”

“Mombasa na Nairobi.”

“Haikuja kwetu hata siku moja, na jina wakachukua!” Akacheka. Kisha akaikagua stesheni kwa utulivu wa mtu anayekagua gulio. “Hao wanakwenda msibani? Mwambie mzee, treni ikisimama wauzaji hawakai jukwaani tu. Wengine wanazunguka upande wa pili, chini, kwenye madirisha ya daraja la tatu. Huko ndiko kuna wateja.”

Nilitafsiri. Mzee alitoa penseli kwenye mfuko wa kizibao, akauliza sinia hubebwa kichwani au mkononi.

“Kichwani, mpaka dirisha lifunguliwe,” alisema shangazi. “Na mmoja awe anakimbia. Treni imeshaondoka, hajalipwa.”